Nguzo Mbili za Kwetu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kuchora kibao cha muuza supu. Mchana bwana afya kaniletea kazi ya maana: nichore grafu kwenye ukuta wa ofisi. Nguzo za kijani, nyumba zenye choo, kila kijiji na nguzo yake. Mimi niliyeishia darasa la tano. Ya kwetu, kijiji nilikozaliwa, ndiyo ndefu kuliko zote, imefika dirishani. Nimerudi nyumbani natembea kama mwenye ng'ombe mia.

Jumanne, 4 Machi
Leo nguzo nyekundu, pembeni ya zile za kijani. Watoto wanaoharisha. Vijiji vingine kijani ikipanda, nyekundu inashuka. Kwetu zote mbili zimefika dirishani. Nikapima tena kwa kamba. Vilevile. Bwana afya anasema nimechanganya rangi. Nimechukia. Rangi sichanganyi.
Jioni Mbuke, mke wa kaka, kapiga simu. Mwanae Holo anaharisha tangu jana.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika kwetu. Choo cha mzee, baba yangu, kizuri, bati jipya. Nikafungua. Kisafi kama sahani, kuku anatamia humo. Nikaenda nyuma ya zizi. Mavi kila kichaka. Nimekanyaga, bado ya moto. Nzi wanatoka pale wanatua kwenye uji wa Holo. Mvua ikinyesha yote yanateremkia lambo tunamochota maji. Maji yale nimekunywa tangu utoto.
Nikamuuliza mzee kwa nini haingii chooni.
"Nichuchumae alipochuchumaa mkwe wangu? Una akili wewe?"
Mbuke naye aibu ileile. Na majirani hivyo hivyo. Waliohesabu walihesabu mabati.
Holo macho yameingia ndani. Tumemkimbiza kituo cha afya kwa pikipiki.

Ijumaa, 7 Machi
Dripu. Mbuke hali chakula. Utani wangu wote umeisha.

Jumamosi, 8 Machi
Holo kaomba soda. Nimelia kidogo, nikasingizia vumbi.
Nimerudi kuchimba shimo la pili, upande ule mwingine wa nyumba. La wanawake. Mzee kaangalia tu. Nikamwambia kile cha bati ni chake peke yake.

Jumapili, 9 Machi
Holo karudi. Asubuhi mzee kachukua kopo la maji, kapita kama mtu asiyeenda popote. Mlango wa bati ukalia. Kuku katoka mbio.
Mbuke kageuka kutazama mahindi. Mimi nilikuwa na utani mzuri sana. Nimeumeza.