Mstari Nyuma Yangu

Mpendwa Babu,

Daftari lako la jalada la bluu liko nami hapa mtaani kwetu Rwezamenyo. Tulipotoka kukuzika, Mama alitaka kulifungia kabatini pamoja na suti zako. Nikamwomba anipe.

Ulipokuja kuishi kwetu ulinisimulia miaka yako ya upinzani kule Kongo, bungeni, ambako kila kikao uliuliza maswali uliyoyaandika humu na kila kikao majibu yaliahirishwa. Kisha mambo yakageuka, ukafanywa waziri wa elimu wa jimbo. Siku ya kwanza ofisini ulimkabidhi katibu wako daftari hili, ukamwagiza akusomee swali moja kila Jumatatu.

"Mheshimiwa, leo unajibu au unakwepa?" alikuwa akikuuliza. Ulicheka ukinisimulia hadi chai ikamwagika.

Swali la maji katika shule za wasichana lilikushinda. Ukakiri hadharani, mbele ya waandishi wa habari.

"Sasa unaipinga serikali yako mwenyewe?" wenzako wakang'aka.

"Nimetafuta mpinzani humu ndani, sikumwona," ukawajibu. Wakakuondoa, ukarudi upinzani.

Unakumbuka nilipogombea ukiranja? Wanafunzi walipanga mistari nyuma ya wagombea, na nyuma yangu alisimama Zawadi peke yake. Nililia njia nzima. Hukunipa pole.

"Alisimama hadi mwisho?"

"Ndiyo, Babu."

"Umemshukuru?"

Sikuwa nimemshukuru. Ukanifungia chapati mbili kwenye gazeti, ukanituma kwao.

Jumamosi iliyopita, baada ya kusafisha mtaa kwenye umuganda wa kila mwezi, vijana wa mtaa wetu walichagua kiongozi wao. Nimemaliza shule sasa, na wiki nzima nilikuwa nikijiuliza kama nitathubutu. Nikajitokeza, mikono bado ina udongo wa mfereji tuliokuwa tukiuzibua.

"Mapendo, na wewe iko na sauti?" Olivier, jirani yetu, akanitania. Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Niliongea machache: chumba cha kusomea cha mtaa hufungwa saa ileile watu wanapotoka kazini, nami ningependa kibaki wazi hadi usiku. Kisha wagombea tukaambiwa tutazame ukuta. Nilisikia miguu ikitembea, sikujua inaelekea kwa nani.

Nilishindwa, Babu. Mstari wa Yvette, mgombea mwenzangu, ulifika barabarani. Nikampa mkono, halafu nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga: nikamuuliza mbele ya wote atafanya nini kuhusu kile chumba. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Nipe mwezi mmoja, dada," akasema.

Nimeliandika jibu lake katika daftari lako, chini ya swali la maji. Umuganda ujao nitauliza tena.

Kisha nikageuka kuwashukuru waliosimama nyuma yangu. Wa kwanza alikuwa Zawadi, aliyeuliza chapati ziko wapi. Wengine walikuwa wameshaondoka; Zawadi akanitajia majina yao, ikabidi niwafuate makwao, mimi ninayeogopa hata kupiga hodi. Nilidhani itanichukua dakika chache. Niliporudi nyumbani Mama alikuwa ameshaanua nguo, akaniuliza nilikuwa wapi mchana kutwa.

Pumzika salama, Babu. Kurasa tupu bado ni nyingi.

Mjukuu wako