Maoni Yako Tumeyapokea

Pigeon Lick, Kentucky
3 Februari

Tanner mjukuu wangu,

Sikukuu ya Shukrani imepita, Krismasi imepita, na wewe hata kivuli. Ndege wameshakwenda Florida, wanajiandaa kurudi, wewe uko hapo Washington tu na huonekani. Umevunjika mguu au umevunjika adabu? Haya, salamu. U mzima? Unakula? Mimi goti linanisumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa, utauona sasa hivi.

Nakuandikia kwa sababu ya mjomba wako Garnet. Ile kliniki anakosafishwa damu mara tatu kwa wiki tangu figo zimfe wamebandika karatasi mlangoni: mwisho wa Aprili wanafunga. Nesi Oleta kaniambia bila kuzunguka, wagonjwa wengi walilipiwa na bima ya serikali, na ninyi mmeikata. Kliniki nyingine ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, milima mitupu. Garnet akitoka kusafishwa hawezi hata kufungua kopo la maharage. Ataendeshaje gari?

Na huyo mbunge wetu, Mheshimiwa Prewitt unayemfanyia kazi, ndiye aliyepiga kura ya ndiyo. Mwambie aje. Tunakutana ukumbi wa kanisa tarehe ishirini na moja. Nitapika. Sitamtilia sumu, nitamtilia maswali tu.

Bibi yako

Washington
11 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe, kazi imenimeza. Goti lipake ile dawa niliyotuma.

Mheshimiwa hatakuja. Chama kimewashauri wabunge wasikutane na watu ana kwa ana, maana wanazomewa na video zinasambaa. Bibi, naye hakuipenda ile kura. Nilikuwepo chumbani. Alisema, "Nikisema hapana, kabla ya chakula cha mchana Rais atakuwa ameshanitukana kwa jina, na mwezi wa tano wanachama wataniondoa kwenye kura za mchujo." Usimchukie.

Kliniki haitafungwa. Kuna fedha za hospitali za vijijini zinakuja. Mwambie mjomba atulie, nitalisema mwenyewe kwa Mheshimiwa.

Mjukuu wako,
Tanner

Pigeon Lick
1 Machi

Tanner,

Marahaba. Dawa nimepaka, inanuka kama mbuzi.

Tulikutana bila Mheshimiwa wako. Garnet alikuja na ile kofia nyekundu ya kampeni ya Rais. Unajua amempigia huyo Rais kura mara zote tatu. Mzee Burl wa jirani akamwambia, "Garnet, kofia hiyo nayo inasafisha damu?" Watu wakacheka. Garnet akasema, "Cheka tu, Burl. Rais hajui. Ni hawa wa chini hawamwambii."

Nikamjibu mbele za watu: "Mwanangu, mtu anayejua nani kamsema vibaya jana kwenye televisheni, atashindwaje kujua watu wake wanakufa?" Akainamia sahani yake. Mwaka jana angenibishia mpaka chakula kipoe.

Wengi hawabishi siku hizi. Walitangaziwa vitu vitashuka bei. Burl kaweka uzio nusu ya shamba, waya umepanda bei kwa sababu ya ushuru wa forodha. Na hao wabunge wa Republican! Wanamsengenya Rais chooni, wakitoka wanampigia makofi. Hawa wa Democratic nao siwapambi, hapa hatujawaona tangu babu yako akiwa na meno. Lakini Ikulu si yao, wala Bunge. Ninyi mna vyote, na bado mnatafuta mchawi.

Nimemwandikia Mheshimiwa mwenyewe. Herufi zangu ni za kujifunzia kwenye Biblia na mifuko ya unga, lakini zinasomeka. Barua nimeweka jina la ofisi juu. Itafute, umpe mkononi.

Bibi yako

Washington
6 Aprili

Ndugu Verlene Ratliff,

Asante kwa kuwasiliana na ofisi yangu kuhusu AFYA. Maoni yako tumeyapokea. Nilipiga kura kulinda huduma kwa wanaozihitaji kweli, na kuondoa ubadhirifu. Huenda hatukubaliani kwa kila jambo, lakini mlango wangu hauna komeo. Nakutakia wewe na familia yako afya njema.

Mheshimiwa D. Prewitt

Pigeon Lick
14 Aprili

Tanner,

"Mlango wangu hauna komeo." Prewitt kayatoa wapi hayo? Hayo ni maneno ya babu yako, aliwaambia wachimba makaa ya mawe wenzake wakati wa mgomo, na mimi nikakuambia wewe ukiwa mapajani pangu.

Kwa hiyo wewe ndiye mwandishi. Mama wa Garnet anaandika kwamba mwanawe atakufa, na mjukuu wake anamtakia afya njema.

Usiniletee dawa nyingine.

Bibi yako, bado

Washington
22 Aprili

Bibi,

Ni mimi. Jibu hilo niliandika mwaka jana. Barua zinakuja elfu kwa wiki. Vijana wa ofisi wanazipanga kwa mada, mimi nabonyeza kitufe, jibu linakwenda. Sikuona jina lako. Sikusoma.

Zile fedha hazitufikii. Na mjomba sijamsemea. Kila siku nasema kesho, maana Mheshimiwa ana wasiwasi wa uchaguzi. Nitakuja ukishapita. Nisamehe.

Tanner

Pigeon Lick
15 Mei

Tanner mwanangu,

Kliniki ilifungwa siku waliyosema. Burl alimpeleka Garnet huko mbali mara mbili. Ya tatu alishuka garini akatapika barabarani, akasema, "Mama, basi. Sirudi tena." Nikamtukana, nikamsihi, nikampigia magoti na hili goti langu. Akanishika kichwa tu.

Amekufa jana mchana, nimemshika mkono.

Juzi aliniuliza, "Tanner alimwambia yule mbunge wake?" Nikasema alimwambia. Akasema, "Kijana mzuri." Nimesema uongo kwa mwanangu anayekufa ili afe akikupenda. Sijui kama Mungu atanisamehe, na sijali.

Tunazika Jumanne. Najua ndiyo siku ya kura zenu. Sikuombi, nakuagiza. Kaburi tunachimba wenyewe, ndugu wa damu kwa mikono yao, kama tulivyomchimbia babu yako. Fika Jumatatu asubuhi. Suti iache huko huko, vaa viatu vya shamba. Pita jikoni ule kwanza, umekonda, nimeona picha yako. Kisha panda kilimani. Upande wa kichwani mwa kaburi kuna mwamba; nimewakataza wengine wasiuguse. Huo utauvunja wewe.

Bibi yako