Njoroge Amepona

Jumanne, Agosti 2009

Eti homa ya nguruwe! Ndugu yangu Njoroge hajagusa heroini tangu jana asubuhi, kwa hivyo makamasi yanamtoka, anatetemeka na jasho linamchuruzika. Yeyote aliyeishi na mtu anayetumia anajua hiyo ni arosto. Yeyote, isipokuwa askari wa geti la ile kliniki ya Upper Hill, ambayo kazi yake ni kutibu arosto.

"Madam, siku hizi mwenye makamasi haingii. Ni amri kutoka juu."

"Hii si homa, ni arosto. Si ndiyo imetuleta hapa?"

"Basi mrudishe nyumbani. Akipona, umlete."

Akipona, nimlete. Yaani kichwa kama hicho kimeachwa kulinda geti!

Nikasogea kando kumpigia daktari. Hashiki simu. Kugeuka, Njoroge hayupo. Miaka mitatu nimembembeleza, Mama amekesha kanisani kule Kabiria akimwombea, na leo ndiyo siku aliyokuwa amekuja kwa hiari yake...

Alirudi baada ya nusu saa. Pua kavu, mikono imetulia, macho yanasinzia. Alikuwa ameenda kuvuta, na kwa kweli hakuna dawa inayoponya homa haraka namna hiyo.

Askari alimkagua kutoka juu mpaka chini, kisha akatufungulia geti.

"Unaona, Madam? Sasa huyu ni mzima."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia asante.