Pumzi ya Ilunga

Mdogo wangu mpendwa Ngoie,

Kolwezi ni vumbi tupu, ila mimi ni mzima. Jana mwanangu Ilunga alizama kushughulikia pampu katika shimo la mgodi lililojaa maji, na kifaa chake kipya cha kupumulia kikamnyima hewa. Nchi kavu hakikuwa na kasoro. Tukakibeba, tukamfuata mwalimu wake wa kuzamia, Tata Mbuyi, kituoni, alikokuwa akingoja treni pamoja na Wakasai wenzake waliofukuzwa mkoani hapa kwa kuwa ni watu wa Kasai.

"Vuta pumzi," alimwambia, macho kwenye kipimo cha hewa. Mshale ukashuka kila Ilunga alipovuta. "Chupa ya hewa haukufungula yote, Ilunga. Huku juu hewa inatosha, kule chini hapana. Utakufa, na mi niko mbali!"

Leo Ilunga amezama tena, akapumua vema. Anayekukabidhi kadi hii huko Kamina ni Tata Mbuyi. Mpikie bukari, umpe mahali pa kulala. Mungu awalinde nyote.

Kaka yako