Radhi Nisiyoiomba kwa Dresa Mkuu

Mgodini, Geita

Dada Kabula,

Shikamoo. Natumaini huko Samuye mmeamka wazima, wewe, shemeji na watoto, na ng'ombe wamepona ugonjwa wa kwato. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechafuka.

Barua yako nimeisoma. Umesikia nimemvunjia heshima Dresa Mkuu mbele za watu, nawe unataka nimwombe radhi. Basi sikia ilivyokuwa.

Huyu ndiye mkuu wa wafunga vidonda, msimamizi wetu sisi wasaidizi katika chumba cha majeruhi. Koti lake limetiwa wanga hadi linaweza kusimama peke yake. Kisukuma anakiita lugha ya zizini. Jumatatu mchana aliletwa mchimbaji, Masanja, mguu umepondwa na jiwe. Alikuwa kimya mno kwa mtu mwenye mguu ule. Dresa akavuta sindano ya kutuliza maumivu. Mzee Luhende, aliyembeba kwa machela, akaanza kumweleza jambo kwa Kisukuma.

"Nyamaza! Hapa si mnadani."

Mimi nilimwelewa mzee. Masanja alikwisha kuchomwa dawa hiyo hiyo mara mbili kule mlangoni mwa shimo. Nikamfunua jicho, mboni imesinyaa kama tundu la sindano. Kipimo kingine kingemkata pumzi.

"Bwana, usimchome. Alikwisha kuchomwa."

"Nani kakuuliza, mwosha vyombo?"

Akainama amchome. Nikamkamata mkono, bomba la sindano likaanguka likapasuka. Hiyo ndiyo heshima niliyovunja, dada: kioo.

Bwana Daktari, asiyejua Kisukuma, akaingia, akataka kumsikia mzee. Dresa akajitia kufasiri! Mzee akaeleza weee, akionyesha mkono wa Masanja, naye Dresa akasema, "Anashukuru, bwana." Nilicheka, sikuficha. Daktari akaweka sikio kifuani kwa Masanja, akanigeukia: "Fasiri wewe." Nikafasiri. Tukashinda tunamtikisa Masanja na kumwita jina hadi pumzi zikarudi sawa. Mguu umekatwa, ila mwenyewe anakula na kuutukana uji wetu.

Sasa ipo amri ya Daktari: waliomleta mgonjwa waulizwe kwanza. Dresa anawaambia wageni kaitunga yeye. Mimi kanipeleka kufua bandeji, na kila asubuhi anachungulia dirishani kuona kama nalia. Mtu mzima na ndevu zake!

Kukosea si hoja. Hata mimi niliwahi kukaribia kumpa mgonjwa dawa ya mwenzake, nikatetemeka siku nzima. Yeye hakutetemeka. Aliulizia bomba lake.

Jana mke wa Masanja alifika kutoka Mwakitolyo, mtoto mgongoni. Alinishika mikono akasema wabeja, wabeja, asante juu ya asante, na hajui hata nusu ya habari. Nikimwomba radhi yule bwana, nitamtazamaje mama huyu? Siombi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako anayenidai vitenge kwa maneno matamu, na baba mdogo mhunzi. Mwambie baba mdogo mikono yangu sasa ina sugu kama yake.

Mdogo wako, mwenye mdomo ule ule,
Minza