Mama Ameacha Kuimba

Jamhuri, Nairobi.
9 Novemba 2025.

Mpendwa dada Kamene,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Theluji ya huko imeshaanza? Na mgongo wako je? Sisi tu wazima. Macho ya Mama yamepona vizuri tangu upasuaji. Sasa anaona hata vumbi la juu ya kabati langu, na kuniuliza nangoja nani aje kulipangusa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu siwezi. Ukipiga, Mama huwa ameketi kando yangu, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Unaijua kazi yangu ya akiolojia. Wiki nzima nimeinamia vigae vya vyungu vya kale, naunganisha kipande na kipande, wala sizungumzi na mtu. Ndiyo maana naingojea sana Jumamosi. Jirani yangu Dalmas, fundi wa stima, huja na gitaa lake. Nyawira, mwalimu wa shule ya msingi, huimba. Nami napiga besi. Tunajiandaa kwa harusi ya binti yake Dalmas.

Mwezi uliopita tulikuwa tukijirekodi kwa simu. Mama akatoka jikoni akipiga makofi, akaanza wimbo ule wa Kikamba aliokuwa akituimbia tukipalilia kunde. Sisi tulikuwa na wetu, yeye na wake. Nyawira alikuwa anatabasamu. Mimi nikasema, "Mwaitu, hebu nyamaza kwanza, unatuharibia."

Alinyamaza papo hapo, mikono bado iko hewani. "Pole, mwanangu," akasema, akarudi jikoni. Kamene, yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi!

Dalmas alizima simu. "Masila," akaniambia, "mama yangu angekuwa hai, ningemwachia siku nzima aimbe."

Tangu hapo wenzangu wakija, Mama hujifungia chumbani. Nimemwomba msamaha, anasema hakuna neno. Jioni moja nilikaa karibu naye na gitaa langu la besi, nikamsihi anifundishe ule wimbo. Akasema ameusahau. Dada, Mama hajausahau.

Juzi nilikuwa natoka Adams Arcade kununua mboga, nikamsikia nikiwa mlangoni. Alikuwa anachambua ndengu huku akiimba ule ule, polepole. Nilitamani kuingia nikakae naye, lakini nilijua atanyamaza. Nikasimama nje na sukuma wiki mkononi mpaka akaufikisha mwisho, kisha nikabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Ukipiga simu, usimwambie nimekuandikia. Mwombe tu akuimbie. Wewe hatakunyima. Mimi nitatoka nje kidogo, nimwachie nafasi.

Nisalimie shemeji Mutinda na wapwa zangu wote. Mungu awatie joto katika baridi hiyo, na atuonyeshe tena sura zenu.

Mdogo wako akupendaye,
Masila