Ukuta Chini ya Mchanga

Uyole, Mbeya
2 Oktoba 2023

Mdogo wangu Lea,

Ugonile. Natumaini u mzima huko Iringa na baridi haijakuzidi. Sisi huku wazima, ila mke wangu anasumbuliwa na mgongo. Mama naye yuko salama kule ziwani, ingawa kwa ajili yako halali vizuri.

Nakuandikia kwa sababu simu zako sitaki kupokea. Kwenye simu unanikatiza, unaniongelesha kama mwanafunzi wako. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulipokuja mwezi wa saba ukasema unataka kupima vilima vya mchanga pale shambani, nilikubali. Ulisema ni kazi ya chuo, mnataka kujua mchanga wa ufukweni unatembeaje. Nikasema mchanga hauna siri, mwache apime. Nikamwambia mama akupikie. Sasa napigiwa simu kutoka Kyela, naambiwa Lea amechimba shimo kwenye kilima, ametoa matofali, amepiga picha, na kesho yake yule Veneranda alisimama pembeni ya shimo analia.

Unajua kabisa Veneranda amenishtaki baraza la ardhi. Unajua anadai kilima kile na shamba la nyuma yake ni vya baba yake, marehemu Fanueli. Na kila mtu kijijini anajua kuwa mchanga ndio uliomfukuza Fanueli. Upepo wa mwera ulivuma miaka ile, mchanga ukaingia mpaka ndani kwake, akachukua watoto akaondoka. Baba akalima mahali palipobaki wazi. Hakuna aliyemnyang'anya mtu kitu.

Fukia hilo shimo. Na hivyo vipimo vyako vifungie kabatini.

Kaka yako,
Ipyana


Iringa
11 Oktoba 2023

Kaka Ipyana,

Shikamoo. Barua yako imefika na basi la juzi. Mimi ni mzima. Mpe wifi pole ya mgongo.

Veneranda sikumwita mimi. Aliitwa na hao hao waliokupigia wewe simu.

Nitakueleza nilichofanya, maana umeelezwa na watu wasiojua. Rada ile niliyopimia ni kisanduku tu, kama sanduku la nguo. Tunakikokota juu ya mchanga, kinatuma mawimbi ardhini, na mawimbi yakikutana na kitu cha aina nyingine sehemu yake inarudi. Kwenye kioo inatokea mistari. Kazi hii nimeifanya miaka minne kwenye fukwe za bahari, na kule mara nyingi nilirudi mikono mitupu, kwa sababu maji ya chumvi yakishaingia mchangani mawimbi yanakufa. Ziwa letu ni maji baridi. Nilipokokota rada pale kwa mama niliona mita saba chini, wazi kabisa.

Kilima cha mchanga kinatembea hivi: upepo unaupandisha mchanga upande wa ziwani, ukifika kileleni unaporomoka upande wa pili. Kila poromoko linaacha tabaka lililolala mshazari. Rada imeyaona matabaka hayo yamepandana kama vigae, yote yameinamia nchi kavu. Kilima chetu kimetembea karibu mita arobaini. Kwa hiyo hapo uko sawa, mchanga ulikuja kweli.

Lakini chini kabisa, juu ya udongo mweusi wa shamba la zamani, kulikuwa na mstari mfupi ulionyooka. Nilipita hapo mara sita kabla ya kuamini. Ndipo nikachimba. Ni ukuta, kaka. Ukuta mzima umelala chali, na matofali yake yamegusa udongo. Kama mchanga ndio uliouangusha, chini yake tungekuta mchanga. Hakuna hata konzi moja. Na upande mmoja matofali yameungua meusi.

Nyumba ya Fanueli ilikuwa chini kabla mchanga haujafika. Mwaka ule nilikuwa na miaka mitano, sikumbuki kitu. Wewe ulikuwa na kumi na minne. Nakuuliza: nani aliibomoa?

Mdogo wako,
Lea


Uyole
15 Oktoba 2023

Lea,

Salamu nimezipokea. Sisi wazima.

Tangu lini umekuwa polisi wa kunihoji mimi? Baba yupo kaburini, hawezi kukujibu, ndiyo maana umepata ujasiri. Ulisoma kwa mpunga na kokoa ya nani? Godoro la bweni, viatu vya sekondari, nauli ya kwenda na kurudi, vyote vilitoka kwenye shamba hilo unalotaka kumkabidhi Veneranda. Mimi niliishia darasa la saba nikabaki na jembe ili wewe uende. Leo unarudi na kisanduku kumvua baba nguo mbele ya watu.

Jana nilifunga kibanda changu cha mbegu za viazi nikaenda Kyela mwenyewe. Shimo nimelifukia. Vigingi vyako vya namba nimeving'oa vyote, nikavitia kwenye jiko la mama, akachemshia chai. Ukirudi na kisanduku chako utanikuta nimekaa njiani.

Kaka yako,
Ipyana


Iringa
12 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Miezi minne sijakuandikia. Nilijua nikiandika nitakutukana, na sikulelewa hivyo.

Krismasi nilikwenda kwa mama. Alinikaribisha uani, ndani hakuniingiza. Najua ni agizo la nani. Nilipomuuliza habari za nyumba ya Fanueli alinyanyuka akaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Vigingi umevichoma bure. Vipimo vyote vimo kwenye kompyuta. Na kabla hujafukia shimo nilishachukua mchanga uliougusa ukuta, nikaufungia kwenye bomba la chuma usione mwanga. Kuna maabara nje ya nchi zinazoweza kujua chembe za mchanga ziliona jua mara ya mwisho lini. Majibu yamekuja. Mchanga ule ulifika pale miaka ishirini na sita iliyopita, pungufu au zaidi miaka miwili. Fanueli aliondoka mwaka tisini na moja. Hesabu mwenyewe. Nyumba ililala juani kwa miaka isiyopungua minne au mitano kabla ya punje ya kwanza.

Wiki iliyopita Veneranda alikuja ofisini kwangu kutoka Ruaha Mbuyuni. Nilimpa kiti, akakataa. Alisema, "Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilitolewa dirishani. Mikono iliyonipokea naikumbuka, sura siikumbuki." Baba yake alifia kule, akilima vitunguu kwenye mashamba ya watu, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja ziwa mbele yake.

Ameniomba nitoe ushahidi tarehe 19 Machi. Nimekubali. Nakuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Mdogo wako,
Lea


Uyole
20 Februari 2024

Lea,

Leo sikuulizi hali. Unataka kujua, basi jua.

Ilikuwa mwezi wa nane, mchana kweupe. Baba na Fanueli walikuwa wanagombania mpaka tangu mvua zilipoisha. Siku hiyo baba alikuja na wanaume watatu, wote sasa ni marehemu. Akachukua kijinga cha moto jikoni kwetu akanipa mimi. Akasema, "Shika. Leo uwe mwanaume."

Paa lilikuwa la nyasi. Aliniambia wote wako shambani. Nikaweka moto, kwa mkono huu ninaokuandikia. Ulipopanda nikasikia mtoto anapiga kelele ndani. Nilikimbia dirishani nikamvuta. Hiyo mikono anayoikumbuka Veneranda ni yangu.

Fanueli na mkewe walikuja mbio kutoka mpungani. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akambeba mtoto wake. Wale wanaume wakasukuma kuta zikaanguka. Kesho yake asubuhi familia ile haikuwepo.

Mchanga ulipoanza kuja nilifurahi. Kila mwera ulipovuma nilikwenda kutazama umefika wapi. Mwaka ulipofunika tofali la mwisho ndio mwaka niliooa, maana niliona sasa naweza kuwa mtu. Nimekuwa mzee wa kanisa. Nimelea watoto watatu bila kumchapa hata mmoja. Halafu unakuja wewe, unavuta kisanduku, unanifukua kama mzoga.

Peleka barua hii barazani ukitaka. Ukiipeleka, usiniite kaka tena. Na usipoipeleka, sijui kama nitaweza kukutazama.

Ipyana


Iringa
29 Februari 2024

Kaka Ipyana,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa.

Sitaipeleka. Jambo hilo ni lako kulisema, si langu. Nitasema kile rada ilichoona, basi.

Lakini usitegemee huruma yote unayoitaka. Yule wa miaka kumi na minne namhurumia mpaka nashindwa kula. Nisiyemwelewa ni huyu wa arobaini na saba. Ni huyu aliyeapa kwenye karatasi za baraza kwamba mchanga ndio uliomfukuza Fanueli. Hapo baba hakukupa moto mkononi. Uliapa mwenyewe, na miwani umevaa.

Na shule, ndiyo, nilisomeshwa na shamba hilo. Tangu nione ukuta ule hakuna siku sijalifikiria. Au unadhani umefukuliwa peke yako?

Tutaonana tarehe 19. Sitakuomba unisalimie.

Mdogo wako,
Lea


Uyole
16 Aprili 2024

Lea,

Habari za huko. Mama yuko hapa kwangu tangu Pasaka. Kifua kinambana, hospitali wamesema asirudi ziwani mpaka apone. Anakula kidogo. Uji anaupokea.

Siku ile uliondoka mapema, kwa hiyo hukuyaona ya mbele, na sitaki usimuliwe na wengine. Wakili wangu alikuuliza, "Hiyo rada yako inaweza kuliambia baraza ni nani aliyeangusha ukuta?" Ukasema hapana. Akakuuliza tena kwa sauti kubwa, ukasema tena hapana. Watu wakacheka. Muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye mkoba wako. Nilijua barua yangu imo. Hukuugusa. Ulikusanya karatasi zako ukatoka bila kunitazama.

Nikaitwa mimi. Wakili alikuwa amenifundisha sentensi tatu. Nikasema ya kwanza. Veneranda alikaa mbele yangu, mikono ameiweka mapajani, hakupepesa. Nikamwambia mwenyekiti, "Naomba niseme upya." Wakili akanivuta koti nikae. Nikasimama tena. Nikasema kijinga, nikasema paa, nikasema waliosukuma kuta. Nilipofika kwenye dirisha, Veneranda alitoka nje.

Baadaye alinikuta uani. Akasema, "Ulinitoa. Lakini ndiwe uliyewasha." Nikasema ndiyo. Nikadhani atanipiga, na ningemwacha. Akatema mate chini karibu na viatu vyangu, akaenda zake.

Shamba amepewa. Polisi wamechukua maelezo yangu, wamesema wataniita. Uzee wa kanisa nimeuacha kabla hawajaniambia. Baba mdogo ametuma ujumbe nisikanyage kwake. Mama siku tatu hakunisemesha, ya nne akasema, "Nilisikia kelele za yule mtoto nikiwa kisimani, nikabaki kisimani."

Usidhani nimefanya kwa ajili yako. Usidhani tumepatana. Nikiona jina lako kwenye bahasha moyo unachemka. Nilikuwa na baba wa kumlilia. Sasa nina mtu aliyempa mtoto wake moto, na aliyenionyesha huyo mtu ni wewe.

Lakini mama anakuulizia kila asubuhi, na mimi si mtu wa kumzuia mgonjwa asimwone mwanawe. Jumapili natoka saa mbili kwenda ibada, narudi saa saba. Wifi yako atakufungulia. Kaa naye, mlishe, uondoke kabla sijarudi.

Ukichelewa tukakutana getini, nisalimie kama unavyomsalimia mkubwa yeyote barabarani. Nitaitikia. Zaidi ya hapo usitegemee.

Kaka yako,
Ipyana